Nilivyomwandikia Mkwe Wangu Kilo Sabini

Nyie vijana mnaoshinda pale stendi ya Bariadi, mkiniona napita na baiskeli yangu mnaniita, "Injinia, leo ndege umeiacha wapi?" halafu mnagongeana mikono. Chekeni tu. Ningekuwa nyie ningecheka mpaka nikae chini. Ila kati yenu wapo walioniambia wanataka kazi za uwanja wa ndege, na mmoja akaniuliza kabisa, mzee, hivi ndege ya zamani ya watu wakubwa inafika wapi na inakula nini. Huyo na wenzake ndio nawaandikia. Naandika kama ninavyoongea, maana shule niliiachia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikuwa nakisindikiza.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Miaka yangu yote ya kazi pale uwanja wa Mwanza nilikuwa mjaza mafuta. Kuna lile lori la tenki tunaliita bauza. Unalipeleka mpaka pembeni ya ndege, unaunganisha waya wa kuondoa umeme ili cheche isije ikawamaliza wote, unavuta mpira, unajaza, rubani anasaini, unaondoka. Hiyo ndiyo kazi. Injini ya ndege sijawahi kuifungua hata nati moja. Jina la Injinia nilipewa nilipostaafu nikarudi nyumbani Bariadi. Mtu wa kwanza aliponiita hivyo nilinyamaza, wa pili nikatabasamu, wa tatu nikaitika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salum, mtu wa Ujiji, mfupi, mkali, hakuwahi kupiga kelele hata siku moja. Alikuwa na chupa ya kioo, na kila asubuhi kabla bauza halijatoka anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tenki, anainua chupa kwenye jua, anatazama. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini kama ute wa yai. Siku yangu ya kwanza alinipa ile chupa akaniuliza naona nini. Nikasema naona mafuta masafi kabisa. Kumbe chupa nzima ilikuwa maji. Sikuona mstari kwa sababu hakukuwa na mafuta hata tone la kuyatenga. Akaniambia ninuse. Nikanusa, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Hakunitukana. Akanifanya ninywe. Nikanywa, na ndiyo maana mpaka leo sisahau kunusa.

Siku hizi wana vidonge vya kupimia, wana mashine zinazoandika lita zenyewe, kila kitu kinang'aa. Zamani tulikuwa na kijiti cha kupimia na macho yetu. Ila kosa kubwa la wajaza mafuta halijabadilika, nalo ni hili: sisi tunajaza kwa lita, marubani wengi wanahesabu kwa uzito. Rubani akikwambia elfu moja, muulize elfu moja ya nini. Mimi sikuuliza. Ilikuwa ndege ndogo ya mizigo, rubani alitaka elfu moja na mia mbili za paundi, mimi nikampa za lita. Yaani karibu mara mbili ya alichotaka. Ndege ikawa nzito, haiwezi kuruka na mzigo wake. Ikabidi tuyatoe kwa pampu ya mkono, tukayamimina kwenye mapipa, abiria wawili wamekaa kivulini chini ya bawa wananiangalia navyotoka jasho. Na mafuta yakishatoka kwenye tenki la ndege hayarudi kwenye bauza kuuziwa mtu mwingine, maana hujui yamebeba uchafu gani. Mzee Salum alikuja jioni akasimama pembeni ya yale mapipa. Aliniambia neno moja tu: "Watu na mizigo kwanza, Maduhu. Mafuta mwisho." Halafu akaenda kuswali.

Sasa sikilizeni nilivyolisahau hilo neno uzeeni, nikiwa na mvi.

Mzee Bahame mnamjua nyie, lakini kwa wasiomjua, ni mfanyabiashara wa pamba na dengu hapa kwetu, ana malori, ana hisa kwenye kinu cha pamba kule Maswa, na ana ng'ombe ambao ukiwaswaga barabarani magari yanasimama mpaka dereva ashuke akachimbe dawa arudi. Mimi na yeye ni wakwe. Binti yangu Kulwa ameolewa na kijana wake Masunga, wanakaa Ngulyati, wanalima. Ng'ombe wenyewe si wa Bahame peke yake. Ni wa baba yao, kuna wadogo zake wawili humo ndani, kuna mahari za watoto humo ndani. Yeye ndiye mwenye fimbo tu.

Siku moja akaniita kwake. Nimekuta dalali amekaa kwenye kiti cha wageni, kijana wa kutoka Nairobi anaitwa Fidelis, viatu vimechongoka mbele, karatasi zenye picha zimetandazwa mezani. Anauza ndege. Si hizi za mapanga, ni jeti kabisa, injini mbili nyuma, viti vinane, ya zamani lakini imepakwa rangi mpya. Bei yake, kwa ndege, ilikuwa rahisi kiasi cha kutia wasiwasi. Bahame alikuwa ameshapiga hesabu yake: anauza hisa za kinu, anauza ng'ombe karibu wote, anabaki na malori, anapata ndege. Atakuwa anakwenda Dubai kwa wanunuzi wake wa dengu bila kupanga foleni, na wakubwa wengine watamkodi.

Akaniambia hawezi kumwamini dalali, wala watoto wake hawajui kitu, ila kwa bahati Mungu amempa mkwe injinia wa ndege. Nikikubali anauza. Nikikataa anaacha.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, mkwe, mimi nilikuwa mtu wa bomba. Midomo nilikuwa nayo. Lakini Fidelis aliinuka, akanipa kiti chake, akaniita Chifu. Nikakaa.

Bahame akauliza swali moja tu, na ni swali zuri. "Mkwe, hii inafika Dubai bila kutua?"

Nikavaa miwani. Nikachukua mafuta ya tenki zima, nikagawanya kwa mafuta inayokunywa kwa saa, nikapata masaa. Masaa nikazidisha kwa mwendo. Jibu likapita Dubai likaingia baharini kidogo. Nikavua miwani taratibu, nikasema, "Inafika, na chenji inabaki."

Vijana, hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa. Mwalimu wangu wa darasa la saba angeniwekea vema. Ila nilikuwa nimehesabu ndege isiyo na watu, isiyo na upepo wa mbele, inayozimika hewani tone la mwisho likiisha, pale pale juu ya uwanja. Na ule umbali kwenye karatasi za muuzaji, wanauandika ndege ikiwa imebeba watu wachache wasiokula, ipo juu sana, hewa imetulia. Ni sawa na mtu anayekuuzia ng'ombe wa kulimia akakwambia analima eka mbili kwa siku, kumbe alilima kwenye mchanga mvua imenyesha jana.

Na Bahame ni Msukuma, ng'ombe wa kulimia hanunui kwa maneno. Anataka amfunge jembe lake mwenyewe, shambani kwake. Akamwambia Fidelis ndege ije, iwabebe yeye na watu wake na mizigo yao, iende Dubai. Ikifika bila kutua, ananunua. Fidelis akasema sawa, ila mafuta alipie mnunuzi. Bahame akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea mambo hayo. Pesa ya mafuta hakuwa nayo mkononi, akasema kuna ng'ombe wanne wa jembe kule Ngulyati, wamenona, mnadani watakwenda haraka. Atawarudisha akipata pesa ya dengu.

Hao ng'ombe wanne walikuwa ndio jozi mbili anazolimia Kulwa. Binti yangu mwenyewe. Na mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nikamsaidia Fidelis kukusanya karatasi zake, nikijiambia ndege ikipita, binti yangu atakuwa ameolewa kwenye ukoo wenye ndege, atasahau habari ya jembe.

Rubani alinipigia simu siku mbili kabla ya safari. Mwanamke, kijana, anaitwa Kapteni Neema, mzaliwa wa Moshi. Aliniamkia vizuri, akasema ameambiwa mimi ndiye mtu wa ufundi wa upande wa mnunuzi, basi anaomba uzito wa kila abiria na mizigo yake. Akasisitiza, uzito halisi, baba, wa kwenye mzani.

Mzani upo. Nyumbani kwa Bahame kuna mzani wa kupimia pamba unaoweza kumpima hata fahali. Abiria walikuwa sita: Bahame, mke wake Mama Shija, wadogo zake wawili, dalali, na mimi. Tatizo lilikuwa Mama Shija. Ni mkwe wangu. Nyie vijana siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana, lakini sisi mkwe ukimwona anakuja njiani unapisha, unatazama pembeni, chakula huli naye. Sasa mimi niende nimwambie, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, naomba upande kwenye mzani wa pamba? Mama mwenyewe ni mtu aliyejaliwa. Akikaa kwenye kochi, kochi linajua. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Akatoka, akaniamkia, nami nikauliza kama mvua imenyesha upande wa kwao. Akanitazama, maana upande wa kwao ndio huo huo niliosimama. Nikaondoka.

Nikamwandikia Kapteni Neema kwenye simu: watu sita, kila mmoja kilo sabini, kila mmoja begi dogo. Na nikaongeza ushauri wangu wa kitaalamu: jazeni tenki zote mpaka juu, kabisa, tusije tukapungukiwa. Mafuta kwanza. Pesa ya wale ng'ombe wanne nikamtumia mjaza mafuta wa pale Mwanza. Yalijazwa asubuhi mapema, sisi bado tunafunga mizigo Bariadi.

Mizigo yenyewe sasa. Kijana mmoja wa ukoo anafanya kazi Dubai, na hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwa ndugu mikono mitupu. Kila mtu alikuwa na begi dogo, hapo sikudanganya. Ila juu ya begi kulikuwa na gunia la michembe, vile viazi vikavu, kijana alivililia kwenye simu. Kulikuwa na madumu mawili ya samli. Kulikuwa na karanga. Tulipofika Kiloleli Mama Shija akasimamisha gari, akasema mchele wa huko ni mzuri, likaongezwa gunia. Mimi nimekaa mbele nayaona yote kwenye kioo, nachekesha watu. Nilisema Dubai watatufanyia mnada. Wote walicheka, hata dereva. Mimi nikiogopa huwa nachekesha, ndivyo nilivyo.

Mwanza tulifika saa saba mchana, jua la kuchoma. Ndege ilikuwa nzuri, weupe wake unaumiza macho. Kapteni Neema akashuka ngazi, akatuamkia mmoja mmoja, halafu akatuangalia tena, mmoja mmoja, polepole. Akaangalia gari na magunia. Akanivuta pembeni.

"Baba, hawa ndio wale wa kilo sabini?"

Nikasema ni makadirio. Akasema ndege haijui makadirio. Akaagiza mzani kutoka banda la mizigo, ule wa chini, wa bapa. Ukaletwa na wabeba mizigo watatu, na anayewaongoza ni nani kama si Sospeter, tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Akaniona, akafurahi kweli, akaja amefungua mikono. "Maduhu wa bomba," akasema kwa sauti ya uwanja, "yaani mjaza mafuta mwenzetu leo ndiye abiria wa jeti?"

Bahame alinitazama. Wadogo zake walinitazama. Fidelis alitazama viatu vyake.

"Wa bomba?" Bahame akauliza.

Sospeter, maskini, akadhani anasifia. Akaeleza jinsi nilivyokuwa hodari wa kujaza, na jinsi nilivyowahi kumpa rubani lita badala ya paundi, mapipa yakajaa mafuta. Alicheka peke yake mpaka akaona hakuna anayemfuata.

Nimeshawahi kuteleza mbele ya abiria mia na mafuta yakanimwagikia kichwani. Nimeshawahi kuendesha bauza na mpira bado umeunganishwa. Hayo yote nawasimulia mkitaka, kwa kucheka. Ila ile dakika siwezi kuichekesha. Nilitamani bauza lije linipitie.

Kapteni Neema hakuwa na muda wa aibu yangu. Alitaka uzito. Wadogo wa Bahame wakapanda mzani, Bahame akapanda, dalali akapanda, mimi nikapanda. Akabaki Mama Shija. Wabeba mizigo wakaanza kutazama ndege kama ndiyo kwanza wanaiona.

Mama Shija akavua kandambili, akamkabidhi shemeji yake mkoba, akapanda mwenyewe. Alisimama pale wima, ametazama mbele. Mimi nikageuka kabisa, nimempa mgongo, kama desturi.

"Mkwe," akasema. "Soma."

"Mayu, siwezi. Kapteni atasoma."

"Ulifika mlangoni kwangu, nikiwa peke yangu, ukaniuliza mvua. Sasa soma mbele za watu."

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Nikageuka, macho nimeyafunga nusu, nikaangalia mshale tu bila miguu, nikasoma. Namba yenyewe siitaji hata leo. Ila kilo sabini ilipitwa zamani sana.

Wakapima magunia, wakapima samli. Kapteni Neema akajumlisha, akaja akasimama mbele ya Bahame, akaongea taratibu kama mtu anayeeleza ugonjwa. Alisema ndege hii ikijazwa tenki zote, nafasi inayobaki ni ya watu sita wenye kilo sabini kweli na begi dogo, bila gunia. Ikibeba watu wote na mizigo, mafuta lazima yapungue, na yakipungua haifiki Dubai, itatua njiani kunywa tena. Na Mwanza ni juu, na jua hili, hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi kuinuka, kwa hiyo hapo hapo inabidi ipunguzwe tena. Na akifika Dubai akaambiwa azunguke asubiri, au uwanja umefungwa aende mwingine, lazima awe na mafuta ya hayo pia. Hayo mafuta hayahesabiki kwenye safari, yanabebwa tu.

Fidelis akanisogelea sikioni. "Chifu, waambie ni joto tu. Jioni inaruka."

Na joto lilikuwepo kweli. Ningeweza kusema. Bahame alikuwa ananisubiri, kofia mkononi, na nyuma yake kuna kinu, kuna ng'ombe wa baba yake, kuna wadogo zake wawili ambao hawakuwahi kuulizwa.

"Wewe mtu wa bomba," Bahame akasema. Hakuniita mkwe. "Injini huzijui. Lakini mafuta si unayajua? Basi niambie ya mafuta tu. Hii kitu inafika?"

"Haifiki," nikasema. "Na watu wako na mizigo yako, haifiki. Nilihesabu ikiwa tupu."

"Jioni?"

"Jioni itabeba mmoja zaidi. Haifiki."

Akauliza sasa inakula kiasi gani. Hapo nilijua. Nimejaza ndege za namna hiyo, najua zinavyokunywa. Injini za zamani zinakunywa karibu sawa ukiwa umebeba mtu mmoja au saba, ndiyo maana mtu akipanda peke yake anakuwa amewalipia na wale ambao hawapo. Ila Kapteni Neema akaniuliza swali, kwa heshima kabisa, mbele ya wote: injini zina masaa yake, yakiisha zinafunguliwa zote na kutengenezwa, na hiyo kazi kwa ndege ya umri huu inaweza kuzidi bei ya ndege yenyewe. Je, niliuliza yamebaki mangapi?

Sikuuliza. Sikujua hata kama linaulizwa. Tukamtafuta Fidelis ajibu, tukamwona kule mbali anaongea na simu, na nadhani simu ilikuwa imezimwa.

Bahame akauliza, "Na ikiwa imelala tu, haijaruka?"

"Inakula," Kapteni akasema. "Bima. Mahali pa kulala. Marubani wawili wanalipwa, na kila mwaka wanapelekwa nje kusoma upya. Ukaguzi unakuja kwa tarehe, hata kama haijaruka."

Bahame akafikiri. "Ng'ombe akilala anatoa samadi," akasema. Akavaa kofia, akaelekea kwenye gari.

Hakununua. Ng'ombe wa ukoo wapo, kinu kipo, mkipita Maswa mtauona moshi wake. Watu wananiambia, Maduhu, si mambo yaliisha vizuri, uliokoa mali ya mkweo. Sikuokoa kitu. Aliyeokoa ni yule binti rubani na mzani wake. Mimi nilikuwa wa kumwambia Bahame barazani kwake, kabla ya ng'ombe hata mmoja hajafunguliwa kamba, na ingenigharimu kiti kimoja tu cha kukalia.

Na mafuta? Yalikuwa ndani ya tenki. Mafuta yakishaingia kwenye ndege hayarudi, hiyo niliwaambia. Kapteni Neema aliniomba radhi, akasema angekuwa na uwezo angetumiminia kwenye madumu. Ndege ikawasha injini, ikakimbia, ikainuka nyepesi kabisa kwenda kwao Nairobi, tenki zimejaa, imebeba marubani wawili na dalali mmoja. Tulisimama pembeni ya magunia tukaitazama mpaka ikawa kama punje. Tukarudi Bariadi bila redio, na hakuna aliyenicheka, jambo ambalo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Kwa hiyo nyie mnaotaka kazi hizi, mtu akija kukuuliza ndege ya zamani inafika wapi, usianze na ndege. Anza na watu. Wapime, hata kama ni mkweo, hata kama ni askofu. Pima na michembe yao. Uliza wanatokea wapi, kuna joto gani, wakifika wakakataliwa watakwenda wapi. Uliza masaa ya injini. Halafu ndiyo uulize mafuta. Bei ya kununua iangalie mwisho kabisa, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote. Na kama hujui, sema hujui. Ukichelewa kusema, kuna Sospeter mahali anakusubiri.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Pesa ya dengu ilikuwa bado, na ng'ombe wa kukodi kila mtu alikuwa nao shambani kwake. Nilichukua jembe nikaenda Ngulyati, sikumwambia mtu. Nilimkuta Kulwa ameshaanza, yeye na Masunga, wanafukua ardhi kwa mkono pale ambapo mwaka uliopita jozi mbili zilikuwa zinamaliza asubuhi tu. Aliniamkia, akanionyesha pa kuanzia. Tulilima mpaka jua likasimama kichwani. Mimi nilikuwa nasubiri aniulize habari ya ng'ombe, nilikuwa nimeandaa mpaka maneno ya kuomba msamaha.

Tulipokaa kunywa maji akasema, "Baba, ndani ya ile ndege kukoje?"

Nikamwambia sikupanda, nilichungulia mlangoni tu. Kuna zulia. Kuna viti, vikubwa, vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa.

"Ngozi ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

Akarudisha kikombe, akashika jembe lake, akatazama shamba lililobaki.

"Basi wapo ng'ombe waliopanda ndege," akasema.

Masunga aligeuka upande wa pili mabega yakimtikisika. Mimi nikachukua jembe langu. Nikainama nikaendelea na tuta langu.